Kiti cha Katikati

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipobonyeza kengele ya nyumba ile, mimi na mdogo wangu wa kike. Mimi nilibeba kamera, yeye ubao mweupe wa kurudishia mwanga. Kazi yenyewe ilikuwa picha ya familia, na moyoni nilishaanza kupiga miayo.

Mwezi ule nilikuwa nimempiga picha mkurugenzi aliyetaka kitambi chake kifutwe, daktari wa meno asiyetaka kucheka, na maharusi walionuniana kutwa nzima, wakikumbatiana tu nikiinua kamera. Watu ni vituko! Ndiyo maana nikipata nafasi husafiri mbali kupiga picha nyumba zilizohamwa. Kuta hazijipodoi.

Mtu pekee nisiyemchoka ni huyu mdogo wangu. Nimemlea mwenyewe tangu wazazi walipotutoka. Jumamosi iliyokuwa inakuja alikuwa anaolewa, na hiyo ndiyo harusi pekee niliyotaka kuipiga picha kwa moyo mkunjufu.

Mama mwenye nyumba alitufungulia. Sebuleni kulinuka dawa ya nondo. Viti vilikuwa vimeshapangwa mstari mmoja.

"Cha katikati tusikikalie," alisema kwa sauti ya chini.

"Kuna mgeni mnamsubiri?"

"Tusikikalie sisi." Akaenda na watu wake kubadili nguo.

Nikacheka kimyakimya. Wamesoma, wana kabati la vitabu ukuta mzima, halafu wanaogopa mbao na misumari. Akili ni nywele kweli.

Mwanga wa dirishani ulikuwa unanikimbia. Kabla ya kupiga kundi lazima nijaribu mwanga kwa uso wa mtu, na uso huo huwa wa mdogo wangu. Nikamwonyesha kiti cha katikati.

"Kaka... wamekataza."

"Kiti ni kiti tu. Kaa."

Akakaa. Nikapiga mara mbili.

Kiti kikalia... kriii... kama kimekaliwa na mtu mzito zaidi yake.

Nilipogeuka, familia nzima ilikuwa imesimama mlangoni. Hakuna aliyekasirika. Mama mwenye nyumba alikuwa anafuta machozi, akitabasamu.

"Ahsante, mwanangu," akamnong'oneza mdogo wangu. "Sasa inuka."

Wakakaa, kile cha katikati kitupu. Nikapiga, nikafungasha, tukaondoka. Njiani nilikuwa nikiigiza sauti zao. Mdogo wangu hakucheka. Alisema anasikia baridi magotini.

Nyumbani nikafungua picha kwenye kompyuta. Zile mbili za majaribio zilionyesha kiti kitupu. Ubao wake mweupe ulikuwa umeegemea ukuta, mwenyewe hayupo.

Nikafungua picha ya familia.

Alikuwepo.

Katikati yao, mikono magotini, viganja juu. Amevaa shela. Shela yake ya harusi, ambayo wakati ule ilikuwa bado kwa fundi.

Nikampigia simu yule mama.

"Mmemfanya nini?"

"Sisi hatujafanya kitu," akajibu taratibu. "Haturuhusiwi kumkalisha mtu pale. Lazima aamriwe na wa damu yake."

"Kwa nini mimi? Wapiga picha wamejaa mjini!"

"Tuliulizia mwenye dharau," akasema. "Wote walikutaja wewe."

Simu ikakatika. Kesho yake nilikwenda kule nikiwa tayari kuvunja mlango. Haukuwa umefungwa. Sebule ilikuwa tupu, harufu ya dawa ya nondo imebaki, na sakafuni hapakuwa na alama ya kiti hata kimoja. Ilikuwa nyumba iliyohamwa, kama zile ninazozipenda. Sikuweza kuinua kamera.

Mdogo wangu sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa vigelegele. Alisimama mbele yangu, mzuri mno. Nikaweka jicho kwenye kamera.

Bwana harusi alikuwa amekumbatia hewa.

Nikashusha kamera: yupo, anacheka. Nikainua: hayupo. Nikafungua picha zetu za utotoni nilizohifadhi kwenye simu. Kwenye picha yetu ya kwanza shuleni nimesimama peke yangu, mkono umening'inia pembeni, vidole vimekunjwa kana kwamba nimemshika mtu. Mimi niliyewacheka watu wanaojifuta vitambi, nimemfuta ndugu yangu kwa neno moja.

Akanijia akiinua pindo la shela.

"Kaka, nionyeshe basi."

Nikaificha kamera mgongoni. "Baadaye. Bado sijazisafisha."

Akaniinamia sikioni. Pumzi yake ilinuka dawa ya nondo.

"Usihangaike," akanong'ona. "Kule kwenye picha yao nimetoka vizuri."