Mwisho wa Warusi

Kikohozi cha Palle kilianza mchana, wakati wa mkate mweusi na samaki wa siki.

"Usinikoholee chakula, mzee," Gudrun alimtania. "Kwenu hamkufundishwa adabu?"

Palle alifuta mdomo. Leso ililowa chepechepe. Akaionja kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," alisema. Hakucheka.

Wawili hao walikuwa mafundi wa filamu za kale, katika ghala moja nje ya Kopenhagen. Wiki nzima walikuwa wakiikarabati filamu ya mwisho ya Rigmor Dahlsted, nyota wa sinema bubu aliyesahaulika, ili ionyeshwe siku hiyo, siku ya kumkumbuka. Enzi zake filamu moja ilipigwa kwa miisho miwili: harusi kwa watazamaji wa nyumbani, kifo kwa Warusi, waliopenda kulia. Rigmor alikwishavaa shela, akamaliza kazi. Watengenezaji wakamrudisha kazini, baharini, Februari, aigize kujizamisha. Wakarudia mara sita. Wiki ile ile mapafu yakamuua, ana miaka ishirini na mbili.

Mwisho wa harusi ulikuwa umeoza. Ulibaki wa kifo, na Palle ndiye aliyeutazama picha kwa picha.

"Gudrun," alinong'ona. "Jana alikuwa anatazama mawimbi. Leo ananitazama mimi."

"Acha utani."

"Njoo uone."

Gudrun aliinama juu ya meza ya taa. Katika kila picha Rigmor alikuwa amegeuka, maji kifuani, wanja umemchuruzika, macho yamejaa chuki, na midomo yake ikitamka polepole, bila sauti, maneno ambayo hata mtoto angeyasoma: *zamu yako*.

"Huyu ni jini," Gudrun alisema, lakini Palle alikuwa keshaanguka, maji ya baridi yakimtoka puani na mdomoni, yakinuka mwani, yakitambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya Gudrun, naye akaukwapua mkanda wa filamu, akakimbia nao uani kwenye theluji, akawasha kiberiti, na mkanda ukalipuka kwa moto mweupe usiojali theluji, na kutoka ndani ya moto ikapanda sauti ya mwanamke, sauti ambayo hakuna mtazamaji aliyewahi kuisikia, ikilaani.

Kisha kimya. Ndani, Palle alivuta pumzi.

Simu ikalia. Alikuwa Bente, bosi wao.

"Ile nakala mliyonitumia asubuhi ni safi sana! Ukumbi umejaa, watu mia nne. Ndiyo kwanza tumefika mwishoni—"

"Izime, Bente! Izime sasa hivi!"

Bente alicheka. Kicheko kikakatika, akakohoa. Na nyuma yake, mmoja mmoja, kisha kwa pamoja, ukumbi mzima.