Pumzi ya Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia nyumbani kuchukua chupa ya chai, akaipeleka hospitalini. Huko, kwenye kitanda cha sita kando ya dirisha, alilazwa mdogo wake Bonge, wa miaka minne. Homa ilikuwa imemganda siku ya tano, na mama yao hakubanduka kando yake.

Siku hiyo alimkuta mama amenuna.

"Kuna nini, mama?"

"Damu waliyomtoa juzi imeharibika. Wamekuta humo vijidudu vya mdomoni mwa mtu! Sasa hawajui homa inatokana na nini wala wampe dawa gani. Wanataka kumchoma tena." Akashusha sauti. "Ni yule nesi. Mdomo wake haupumziki yule. Nimemshtaki kwa mkubwa wake."

Chiriku akamkazia macho nesi, aliyekuwa mwisho wa wodi. Tangu mwanzo hakumwamini. Kwa nini juzi alifunga pazia? Kwa nini aliwapa mgongo alipokuwa akishika zile chupa mbili za damu? Hata barakoa yake aliitilia shaka. Mtu asiye na la kuficha anafunika uso wa nini?

Nesi akaja na trei, macho mekundu. "Mama Bonge, nimeitwa ofisini. Ikiharibika na damu ya leo, naondolewa wodi hii. Lakini juzi barakoa nilivaa, haki ya Mungu."

"Tutaona," mama akajibu.

Nesi alinawa mikono, akausugua mkono wa Bonge kwa dawa ya kuua vijidudu. "Tusubiri ikauke yenyewe," akasema, akageuka kufuta vifuniko vya chupa.

Kidevu cha Bonge kikatetemeka. "Dada, baridi! Nipulizie kama juzi."

Chiriku alikwisha kuinama, mashavu yamejaa pumzi. Akaganda.

Kama juzi. Juzi alipuliza, fuu, fuu, ili dawa ikauke upesi. Pazia lilikuwa limefungwa, nesi amegeuka, mama anatafuta leso. Hakuna aliyemwona.

Angeweza kunyamaza tu. Damu ya leo ingetoka safi, na lawama ya juzi ingebaki kwa nesi.

"Nesi, ni mimi."

"Wewe nini?" mama akadakia.

"Juzi nilimpulizia mkono. Nilitaka ukauke haraka."

Machozi yakamtoka Chiriku. Nesi akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe! Nami nimekesha najishuku mwenyewe. Usilie, mwanangu. Ngozi ikishasafishwa haiguswi wala haipulizwi. Vijidudu vyako vikiingia na sindano, maabara watadhani ndivyo vinavyomuumiza mdogo wako. Nami nilikosa, sikukueleza. Haya, geukia ukutani, uhesabu polepole mpaka thelathini."

Chiriku akahesabu. Alipofika thelathini, Bonge akapaza sauti: "Thelathini na moja!" Hata mama akacheka.

Baada ya siku mbili majibu yakaja. Kijidudu kilikuwa cha aina moja, na dawa yake ilikuwapo. Homa ikaanza kushuka. Mama alikwenda mwenyewe ofisini kumsafishia nesi jina, akarudi akamshika Chiriku bega.

"Mimi nilimtafuta mkosaji kwa watu wote isipokuwa kwetu. Wewe ulisema kweli pale ambapo hakuna ambaye angejua. Ndiyo maana nesi yuko kazini leo. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

Bonge akanyoosha kikombe. "Dada, chai ya moto. Nipulizie."

"Thubutu!" akasema Chiriku. "Subiri ipoe yenyewe."