Saizi Moja

Kinyumbua, kifaa cha kubadili ukubwa wa picha, kilikaa mezani, si kikubwa kuliko mche wa sabuni, kikizitafuna picha za uchumba mamia kwa mkupuo. Kilizimeza pana, kikazitema ndogo, na kila kilipomaliza fungu kilipiga chafya ya hewa moto. Mhandisi Mwanaidi alikiunda kwa ajili ya mtu mmoja tu, baba yake.

Mzee Shekilindi alikuwa mchimbaji katika mgodi wa mwezini, na mitambo ya mawasiliano ya huko haikupokea picha pana kuliko kiganja. Harusi ilikuwa Ijumaa. Bila baba kumwona mchumba na kutoa idhini, hakuna shehe pale Tanga ambaye angefungua mdomo kuwaozesha.

Kinyumbua hakikuwa na vitufe. Kilipokea amri kwa sauti, na maana za maneno kilijifunza kwa kuwasikiliza watu wa nyumbani. Hapo ndipo Mwanaidi alipojikwaa, maana msemaji mkuu wa nyumba ile alikuwa shangazi yake, Bi Mwanahawa.

"Huyu si saizi yako," shangazi aliimba tangu siku ya posa. "Wewe mlingoti, yeye kigoda. Hata jina limesema: Kibwana!"

Kibwana, fundi wa magoti ya roboti za kukata mkonge, alimfikia Mwanaidi begani. Mwenyewe hakujali. "Magoti ya roboti yako chini," alisema. "Mrefu angeumwa mgongo bure."

Jumatano asubuhi Mwanaidi alikiamuru kifaa chake: "Weka zote saizi moja, kisha mtumie baba." Kinyumbua kikapiga chafya, kikatii.

Jibu likaja mchana. "Mwanangu, nimeridhia. Kijana wa watu kasimama kama mnazi! Mmelingana hasa."

Mwanaidi alifungua picha moja, akashika kichwa. Nyumbani mwao neno saizi halikuwahi kusemwa juu ya picha. Lilisemwa juu ya Kibwana. Basi kifaa kilikuwa kimemvuta bwana harusi mpaka akalingana na bibi harusi, picha zote, hata ile ambamo alibeba sinia la pilau, ambalo sasa lilikuwa linapapasa dari.

Shangazi alizitazama, akapiga kigelegele. "Huyu sasa ndiye mwanamume! Acha hivyo hivyo. Baba yako akirudi, atadhani kijana amesinyaa kwa mambo ya ndoa."

Mwanaidi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Baba alikuwa amemwozesha kwa mtu asiyekuwepo. Akisema kweli, huenda idhini ikafutwa na harusi iko mlangoni. Akampigia Kibwana simu.

"Mwambie," Kibwana alisema. "Siwezi kuoa kwa urefu wa kuazima."

Mwanaidi akatuma picha moja ya wao wawili, Kibwana kwa urefu wake halisi. "Baba, kifaa changu kimekosea. Huyu ndiye Kibwana. Nampenda alivyo." Hadi usiku jibu halikuja.

Alhamisi ilikuja sauti, na baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

"Mwanaidi, umewahi kuona picha ambayo marehemu mama yako amesimama nami?"

Akatazama picha za ukutani. Harusi, Idi, arobaini ya kuzaliwa kwake Mwanaidi: kote mama yuko kitini, baba kasimama nyuma. Mama alifariki Mwanaidi akiwa mdogo, na kwa mtoto kila mtu ni mrefu.

"Alinipita kichwa kizima," baba aliendelea, sasa bila kicheko. "Watu wakanong'ona, mimi nikaona haya, yeye akakaa. Alikaa miaka yote ya ndoa yetu. Sisi hatukuwa na kinyumbua, mwanangu, tulikuwa na kiti. Kibwana nimemridhia. Ila wewe usikae."

Mwanaidi alilia, akamlilia mama yake kama amefariki siku ile.

Ijumaa, baada ya nikahi, roboti ya kupiga picha ikawapanga watu. Bi Mwanahawa akaja mbio na kiti chenye mto mwekundu. "Bibi harusi akae, picha ipendeze!"

"Ahsante, shangazi," Mwanaidi akasema. Akakipokea kiti, akakiweka vizuri, akamkalisha shangazi.