Ndoo ya Fila na Ukuta wa Hawe

Kila asubuhi Nyevu alifagia ua wa nyumba yao ya Kibaoni, mjini Kilifi, na kila asubuhi ufagio ulisimama mkononi mwake. Ukuta wa bafu ulikuwa umebambuka rangi, na pale ulipobambuka yeye aliona ngamia. Jana ngamia alikuwa amelala. Leo alikuwa ameota mbawa.

"Wee Nyevu! Hayo majani yatajifagia yenyewe?" mama yake, Nelly, aliita kutoka jikoni.

"Mwache, mama," alisema nduguye mdogo, Tsuma. "Ukuta umemwamkia, bado anaitikia."

Ilikuwa likizo ya Agosti, na nyumba ilinuka mbao na chokaa. Baba alikuwa amekigawa chumba kikubwa cha uani kwa bodi za jipsamu. Ilipatikana stoo ndogo, chumba cha Nyevu, na chumba cha Hawe. Hawe ndivyo walivyomwita nyanya yao, mama yake baba, aliyekuwa anakuja kutoka Ganze Jumamosi kuishi nao. Miguu ilikuwa imemchosha. Kila kukicha ilimbidi akae kitandani saa nzima, apashwe joto na jua, ndipo magoti yakubali kukunjuka. Saa nzima hiyo angekuwa anautazama ukuta mmoja tu. Nyevu alikuwa amepewa jina lake, na kwa hiyo Hawe alimwita somo.

Fundi wao alikuwa Dorcas, mwanamke mwenye vidole virefu aliyezoea kulainisha kuta za hoteli za Bofa. Jumanne alimkuta Nyevu amesimama mlangoni, kinywa wazi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe hiyo tochi nikuonyeshe kitu."

Dorcas aliilaza tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukateleza juu ya bodi. Lo! Ukuta uliodhaniwa umenyooka ukaota vilima na mabonde. Nyevu aliona mchanga wa ufuoni maji yanapokupwa, mistari kwa mistari, na yeye akitembea juu yake peku.

"Umerudi?" Dorcas alimuuliza akicheka. "Sikiliza basi. Mwanga wa mbele husitiri, wa ubavuni husema. Kwa hiyo hatupaki vyumba vyote sawasawa. Stoo ni giza na itajaa magunia. Huko naziba maungio kwa utepe na fila mkono mmoja, yaani mpako mmoja tu, basi."

"Fila ndiyo hiyo kama ugali mweupe?"

"Ndiyo hiyo. Chumba chako nitakipiga mikono mitatu kwenye maungio, halafu msasa, halafu rangi isiyong'aa. Dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, jua haliingii. Kitapendeza. Lakini kwa Hawe dirisha liko mashariki. Jua litaupitia ukuta kwa ubavu kama tochi hii. Huo nitaufunika wote kwa fila laini, utando mwembamba kama ule wa maziwa."

"Na mimi nataka utando," Nyevu alisema.

"Wa nini?"

Nyevu angeelezaje? Alitaka ukuta wa kuotea ndoto, laini kama ganda la yai, vivuli vya asubuhi vije kucheza juu yake, naye avipe majina.

"Fila laini ni ndoo hii moja," Dorcas alisema. "Inatosha ukuta mmoja. Mwaura wa duka la vifaa hana nyingine mpaka Jumatatu."

Jumatano Dorcas alikwenda Bofa. Mama alikwenda sokoni, Tsuma akakimbilia mpira. Nyevu alibaki na ndoo.

Alifungua kifuniko atazame tu. Fila ilikuwa nyeupe na baridi, imetulia kama mtindi. Akachota kidogo kwa mwiko, akaipaka ukutani kwake. Ilimeremeta. Akachota tena. Alikuwa mbali sasa, katika nyumba ya mawingu, na kila alipopitisha mwiko wingu lilipanuka. Alipozinduka, nusu ya ndoo ilikuwa ukutani.

Hakufikiri mara mbili. Alijaza maji kwenye ndoo mpaka pale fila ilipokuwa imefika, akakoroga, akafunika, akaosha mwiko. Ukutani kwake akaegemeza godoro.

Alhamisi alfajiri aliamka mapema akaliondoa godoro, akakaa kungojea vivuli. Akangoja. Kulikucha, jogoo wakanyamaza, chumba kikawa na weupe wa kivivu usio na upande. Hakuna hata kivuli kimoja kilichokuja. Godoro likarudi mahali pake.

Mara alisikia sauti ya Dorcas kutoka chumba cha Hawe.

"Hii nini tena? Fila au uji wa mgonjwa?" Fila ilikuwa inachuruzika kwenye mwiko, tone kwa tone. "Mwaura! Mwaura kaniuzia maji! Leo atanitambua!"

Alijitupia leso begani, akashika njia ya langoni.

"Fundi, nami nije," Tsuma alirukaruka. "Nataka kuona mkigombana."

Nyevu alisimama katikati ya ua. Akilini alimwona Mwaura, yule mzee mpole aliyewapa watoto misumari mibovu ya kuchezea, akisimama mbele ya wateja wake akiitwa mwizi. Hiyo haikuwa ndoto. Ingetokea baada ya dakika kumi.

"Fundi, usiende!" Nyevu alimkimbilia. "Si Mwaura. Ni mimi. Niliipaka chumbani kwangu, nikatia maji."

Dorcas aligeuka polepole. Mama alitoka jikoni, mwiko wa ugali mkononi. Hata Tsuma aliacha kurukaruka.

"Ukuta wa Hawe?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini. "Wewe, somo yake, ndiye wa kumnyima?"

Nyevu alilia. Afadhali angepigiwa kelele.

Dorcas aliingia chumbani kwa Nyevu, akaliondoa godoro, akamulika tochi ubavuni. Ukuta ulikuwa umejaa matuta. Alipitisha kidole.

"Mkono wako si mbaya," alisema mwishowe. "Moyo ndio ulioteleza. Na vivuli vyako, vimekuja?"

"Havikuja."

"Havikuja, kwani hakuna jua. Sasa njoo. Nina mfuko wa fila ya kawaida. Ni ngumu, na msasa wake ni wa jasho. Nitapaka mimi, utasugua wewe. Ukilegea, Hawe ataamka Jumapili atazame matuta."

Siku hiyo na Ijumaa nzima Nyevu alisugua. Alijifunga kitambaa puani, vumbi likamgeuza mweupe hadi nyusi, Tsuma akamwita mzimu. Malengelenge yalimtoka viganjani. Kila aliposema imetosha, Dorcas alilaza tochi, na ukuta ukamjibu kuwa bado. Hakuota hata kidogo. Macho yalifuata mwanga, mkono ukafuata macho. Ijumaa jioni rangi ilipakwa.

Jumamosi Hawe aliletwa, akachoka, akalala. Jumapili asubuhi Nyevu alimpelekea chai ya tangawizi.

"Keti, somo yangu. Tazama sinema yangu."

Jua lilikuwa limeingia kwa ubavu. Vivuli vya majani ya mwarobaini uliokuwa nje vilirefuka ukutani, vikapanda, vikashuka, kama samaki ndani ya maji maangavu. Nyevu aliduwaa. Ndivyo alivyoviota, vyote, lakini vilikuja huku.

"Hawe," alisema, na akamwambia yote, ndoo, maji, Mwaura na tochi ya Dorcas. Hawe alisikiliza mpaka mwisho, akapitisha kiganja ukutani. Karibu na kona kiganja kilisita.

"Hapa pana kituta."

"Nilichoka pale, Hawe. Nikipige msasa?"

"Kiache. Kitanikumbusha nani alinisugulia ukuta." Alikishika kiganja cha mjukuu wake chenye malengelenge. "Fundi wako kakufundisha kuwa kila chumba hupewa kazi kwa kadiri ya mwanga wake. Mimi nakuongezea hili. Mtu naye hupitiwa na mwanga wa ubavu. Ulitia maji, ukafunika, lakini mbele ya Dorcas tuta lilionekana. Ukalisema mwenyewe, ukalisugua kwa mkono wako. Hivyo ndivyo mtu anavyolainika, mwanangu. Kuficha kwa godoro hakulainishi kitu."

"Nimesikia, Hawe."

"Basi kila asubuhi njoo na kikombe chako. Mimi nina ukuta, wewe una macho. Yule pale mwenye shingo ndefu ni mnyama gani?"

Nyevu alipanda kitandani, akajisogeza karibu naye. Kivuli kirefu kilipita ukutani, kikafika kwenye kituta, kikajikwaa kidogo, kikaendelea na safari.

"Ni ngamia, Hawe," alisema. "Amekanyaga jiwe langu."