Nyuki wa Ukutani

Ruthu hakutulia. Alipalilia maboga kidogo, akasimama, akautazama ukuta wa nyumba. Wadudu weusi waliingia na kutoka katika tundu karibu na dirisha la binti yake, Erica. Mwaka uliopita nyuki alimuuma Erica. Uso ulivimba, pumzi ikabana, wakamkimbiza hospitali.

Mumewe, Gerson, alirudi kutoka mjini na chupa ya dawa ya wadudu. Siku hizo dawa ziliuzwa katika kila duka.

"Nanyunyiza ukuta na bustani yote," alisema.

"Na maua ya maboga?"

"Maboga au mtoto?"

Ruthu aliweka jembe chini. Akamkimbilia jirani yake, Salwa, mpiga picha.

"Dorkasi wa ofisi ya nyuki hana gari la kufika hapa Msalato," Salwa alisema. "Tumpelekee picha."

Gerson alikubali kusubiri, lakini chupa aliiweka mlangoni. Salwa akapiga, picha zikasafishwa, Ruthu akazipeleka ofisini. Dorkasi akazitazama, akatikisa kichwa.

"Mmepiga kwa mbali. Haya ni madoa tu, na mimi sibahatishi maisha ya mtoto. Pigeni tundu kwa karibu. Mdudu akitua, pigeni ubavuni na mgongoni. Bandikeni kijiti cha kiberiti ukutani, nijue ukubwa wake."

"Mume wangu amechoka kungoja, dada."

"Mwambie dawa haichagui. Itaua na wanaoyafanya maua yawe maboga."

Salwa alipiga tena, tundu na maua pia. Ruthu alilala kwa mang'amung'amu hadi picha zilipotoka. Safari hii Gerson alikwenda naye.

"Ona," Dorkasi alimwambia. "Ni mdogo kuliko nzi wa nyumbani. Mlangoni pa tundu pametokeza mrija wa nta. Hawa ni nyuki wadogo, hawana mwiba. Lakini huyu kwenye ua la boga ni mkubwa, ana mistari ya kahawia tumboni. Huyu anauma. Erica asichezee maua asubuhi, na mkiona kundi la hawa, niiteni."

Gerson aliisogeza picha machoni. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ukuta niuache?"

"Uache."

Chupa aliirudisha dukani. Maboga yakashika, Ruthu akauza na mengine akagawa. Lakini kila Erica alipopita dirishani, moyo wa Ruthu ulishtuka.

Jioni moja mdudu alitua mkononi mwa Erica. Ruthu akaangusha jembe.

Erica alimtazama mdudu kwa makini, mbawa, tumbo, ukubwa, kama alivyoonyeshwa pichani.

"Tulia, mama," alisema. "Huyu ni wa ukutani."