Mgeni wa Spika

Asubuhi ile niliingia duka la vifaa vya umeme nikiwa nimembeba Kidoti mgongoni, jua bado changa, na furaha zangu tele. Kidoti ni binti yangu, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila kuegemezwa, na jina hilo alilipata kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni. Mume wangu anafunga lifti kwenye majengo ya miji ya mbali, anarudi mara mojamoja. Mimi nashona sare za shule nyumbani, na mwenye cherehani na mtoto mdogo anajua, mikono haitoshi. Pasi unaisahau inawaka. Mtoto analia chumbani, wewe mguu uko kwenye pedali, husikii kitu. Mteja anapiga hodi mpaka anaudhika anaondoka zake. Basi nikataka nyumba janja, kama zile ninazoziona kwenye simu, inisaidie japo kidogo.

"Dada, punguza tamaa," fundi wa duka aliniambia nilipoanza kuokota kila kitu kilichokuwa kwenye kabati la vioo. "Anayeanza anachukua vichache, tena vya ukoo mmoja, kampuni moja. Ukichanganya koo, vitagombana humo ndani na kazi yako itakuwa kusuluhisha."

Tukachagua pamoja. Balbu ya koridoni, inayowaka yenyewe mtu akipita. Soketi ya pasi, ninayoweza kuizima kwa simu hata nikiwa sokoni. Kitambuzi cha chumba cha mtoto, kidude cheupe kama kifuniko cha chupa, ambacho kazi yake ni kuiarifu simu kuna kinachojongea mle. Na spika ya mlangoni, inayosikia na kusema. Kamera niliikataa. Nanyonyesha nyumba nzima kifua wazi, sitaki jicho ukutani kwangu.

Fundi akacheka, akairudisha kabatini. "Sawa. Ila hutaona kitu. Utaambiwa tu."

Wazo la spika kujibu lilikuwa langu, na nililionea fahari. Nilimuuliza, mtu akipiga hodi, hiki kinaweza kumkaribisha? Akasema ukikifundisha kinaweza, mbona rahisi. Palepale nikakisogeza mdomoni nikasema kwa sauti yangu tamu ya wateja: "Karibu, pita ndani." Kidoti mgongoni akashtuka, akalia mpaka tunafika nyumbani.

Siku za mwanzo nilikuwa malkia. Mama wa mwanafunzi anafika, hodi, spika inajibu, anaingia na kitambaa chake, mimi sijainua hata mguu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye huja kunisaidia kutia vifungo, alikuwa anakufa kwa kicheko.

"Kina adabu kuliko wewe," alikuwa akisema. "Mimi hukunikaribisha hivyo siku ya kwanza."

"Ulikuja na maneno, ungekuja na zawadi."

Tulikuwa tunacheka hivyo. Niliandika kwenye simu majina ya vyumba, sebule, koridoni, chumba cha mtoto, na kila mtu aliyekuja nilimwonyesha. Nilikuwa sijui kwamba kuna mwingine anaisikiliza ile sauti.

Ilikuwa mchana, saa zile watu wameshiba na mtaa umenyamaza, jua linawaka kwenye mabati. Nilikuwa napiga pindo la sketi. Spika ikasema, "Karibu, pita ndani." Nikanyanyua kichwa nikatabasamu kabisa, nikisubiri mteja. Hakuingia mtu. Geti lilikuwa na komeo. Nikasema labda mpita njia, nikarudi kwenye pindo langu. Halafu balbu ya koridoni ikawaka.

Ikakaa inawaka. Ikazimika. Simu yangu ikatetemeka juu ya meza: kuna mtu chumba cha mtoto.

Nilikimbia. Kidoti alikuwa ameamka, amekaa katikati ya godoro, mwenyewe, wima. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama kona iliyo nyuma ya kabati la nguo, anacheka kile kicheko chake cha meno mawili, na mikono ameinyoosha kama mtoto anayeomba kubebwa.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Lakini tangu siku ile Kidoti alianza kulikataa ziwa. Namweka, anageuza uso. Namweka tena, ananisukuma kwa kiganja. Na halii njaa! Anashiba! Tumbo limejaa, anacheua kabisa, na mimi maziwa yananivimbia mpaka nalia kwa maumivu, blauzi inaloa. Nilidhani ni wifi anampa maziwa ya kopo kwa siri, nikamvaa.

"Nimpe ya nini, nawe unayo?" alinijibu, macho yamemtoka. "Mimi sijampa kitu mtoto wako."

Nikamnyanyua Kidoti, nikamnusa mdomo. Pembeni mwa midomo palikuwa na maziwa meupe, mazito. Nikayagusa. Yalikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Ndipo nikakumbuka kwamba spika huhifadhi inachosikia. Tukakaa na wifi kitandani, mtoto katikati yetu, nikaitafuta siku ile kwenye simu nikabonyeza. Kwanza mtaa, kimya. Kisha sauti ya mwanamke. "Hodi." Taratibu, imechoka, kama ya mtu aliyetembea sana na hategemei tena kujibiwa. Kisha mimi, na utamu wangu wote: "Karibu, pita ndani."

Kisha kimya.

Kisha, "Ahsante."

Wifi akanishika mkono. "Hiyo ahsante," akanong'ona, "imesemewa wapi?"

Haikuwa ya nje. Ilikuwa imekuwa ndogo, imekwenda mbali na spika, ina mwangwi wa koridoni.

Nilimpelekea simu mama mwenye nyumba, anayekaa nyumba ya mbele, nikamsikilizisha. Hakushangaa. Hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo, hakushangaa. Aliifunga kanga yake vizuri, akaniondoa barazani, akanena kwa chini.

"Huyo tunamjua. Anapita mitaa hii mchana, tangu mimi sijaolewa hapa. Anapiga hodi nyumba kwa nyumba. Mtu anachungulia, haoni mtu, ananyamaza. Anaondoka. Hajawahi kujibiwa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Kwani kuna binadamu anajibu kabla hajachungulia?" Akaniangalia usoni. "Hicho kidude chako hakichungulii."

Nikaizima simu. Yeye hakuwa amemaliza. Akaniambia nitafute pengine pa kukaa, maana sasa huyo kaingia ndani ya nyumba yake, na kwa hizi siku nitakazokuwepo nimwachie kile chumba, nisimuudhi, nilale na mtoto sebuleni. Mume wangu kwenye simu naye akasema, toka hapo, nenda kwa mama yangu. Wifi kashaanza kukunja nguo za mtoto. Kila mtu ananihamisha! Nikawauliza swali moja tu. Aliyekaribishwa na sauti yangu, na anayemnyonyesha mtoto wangu, nikihama atabaki kufanya nini?

Nilirudi nikang'oa vyote. Spika chini, balbu nje, kitambuzi nikakitoa betri nikakitia droo ya vifungo. Nikakaa sakafuni natweta. Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Kuna mtu chumba cha mtoto.

Mtoto alikuwa mgongoni kwangu.

Nitasema kweli. Nilijikojolea kidogo, niandike na hilo. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia, nacho kilikuwa hasira. Nimebeba mimba ile nikitapika hadi damu. Nimechanwa nikashonwa. Leo mtu asiye na hata kivuli aje ampe ziwa mwanangu, kwa sababu ya adabu ya spika? Hapana. Hapana kabisa.

Nikafikiri, huyu si mwizi. Mwizi hapigi hodi. Huyu ni mgeni, amesema hata ahsante. Na mgeni ana utaratibu wake, anapokaa mno mwenyeji anasimama, anamsindikiza mpaka njiani. Basi.

Nikamwambia wifi afungue mlango na geti, asimame nje, asiseme kitu. Nikamfunga Kidoti vizuri mgongoni. Nikaingia chumba cha mtoto. Jua lilikuwa limejaa dirishani, kila kitu kinaonekana, ndoo ya nepi, godoro, kabati. Kona ile nayo ilionekana, tupu. Ubaridi tu ulikuwa unatoka huko, kama mtu kafungua friji.

"Mgeni," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka. Nikaanza tena. "Mgeni, umekaa. Sasa nisikilize. Mwenye nyumba ni mimi, na mimi sijakukaribisha. Aliyekukaribisha hana nyumba. Hana mtoto. Hana maziwa. Simama nikusindikize."

Hakuna kitu.

"Simama!"

Mlango wa kabati ulijifungua kidogo, kama mtu ameushika ili ajinyanyue.

Nikageuka, nikatembea. Koridoni balbu niliing'oa mimi mwenyewe. Iliwaka. Tundu tupu, likawaka mwanga juu ya kichwa changu. Sikusimama. Nyuma yangu nyayo. Nyayo za miguu iliyoloa, polepole, pwa, pwa, zinanifuata mimi ninayeongoza. Tukapita sebuleni. Tukapita cherehani. Gurudumu likazunguka mara moja, lenyewe. Tukatoka nje kwenye jua, na ubaridi ukanijia shingoni.

Wifi alikuwa getini. Alinitazama mimi, akatazama nyuma yangu, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mpaka kesho hataki kuniambia.

Njiani Kidoti akaanza kulia. Si kilio cha njaa wala cha usingizi. Alijipinda mgongoni, akageuza kiwiliwili chote nyuma, akanyoosha mikono, akalia kile kilio anachonililia mimi ninapokwenda sokoni bila yeye. Alikuwa anamlilia. Mwanangu alikuwa anamlilia yule. Na nyayo zikaharakisha, zikasogea, mpaka nikahisi kitambaa cha mgongoni kinavutwa taratibu, kwa mapenzi, kama mtu anayepokea mtoto.

Nikashika mafundo ya mbeleko kwa mikono miwili.

"Lia, mama," nikamwambia Kidoti. "Lia tu. Wewe ni wangu mimi, hata ukinichukia."

Tulifika pale barabara ya mtaa inapokutana na ile kubwa. Nikasimama. Sikugeuka. "Mimi narudi. Nenda. Na siku nyingine ukipiga hodi kwangu, utajibiwa kwa mdomo huu, na utajibiwa hapana." Kitambaa kilivutwa bado. Nikakivuta kwangu. Kikavutwa. Nikakivuta kwa nguvu ya kucha na meno, nikisema hapana, hapana, hapana, watu wa maduka ya pale wananitazama kama mwendawazimu, na waniangalie, sijali. Kikaachia. Nikaanguka magotini. Lori likapita, vumbi likatua, na mchana ukawa wa kawaida tena, joto linachoma.

Kidoti alinyonya palepale, mimi nimekaa ukingoni mwa barabara, kifua nje, analia na kumeza.

Sikuhama. Mama mwenye nyumba alikuja na maneno yake ya notisi, nikamwambia aende akalete mtu wa kunitoa, akaondoka. Fundi wa duka nilimrudishia spika. Balbu na soketi ninavyo, ni vyema, na anayetaka kuanza namwambia aanze navyo. Mlangoni kwangu ukipiga hodi utangoja. Nitasimamisha cherehani, nitakuja, nitachungulia.

Jana nilikuwa namvua Kidoti gauni lake la njano, nililishona mwenyewe, kila mshono wake naujua. Kifungo cha juu, cha mgongoni, pale ambapo mtoto hafikii, kilikuwa kimeshonwa upya. Fundo dogo, safi, la fundi. Halikuwa fundo langu, wala la wifi. Na si uzi. Ulikuwa unywele, mrefu, wa mvi, umezungushwa kwa uangalifu mkubwa.

Mkasi wangu unakata jinzi. Unywele huo haukuukata. Nikakinyofoa kifungo na kitambaa chake, gauni likachanika, nikalitia kiraka na kifungo kingine kwa uzi wangu mwekundu, unaonekana kwa mbali. Kidoti nikamvika tena.

Unywele ulibaki mezani. Nikaugusa. Ulikuwa na joto, kama umetoka kichwani sasa hivi.

"Shona tu," nikasema, mlango wazi, kwa sauti ya kusikika nje. "Nitafumua."