Mwanamke wa Kaniki Kizingitini

Asubuhi ile Rukaiya wa Mbuchi alianika mpunga uani, na mwanawe Saadi akafukuza kuku kama kawaida yake. Mtoto alikuwa na homa tangu jana, lakini homa gani isiyopita kwa mtoto? Ndivyo alivyojiambia. Adhuhuri, Saadi alianguka juu ya mpunga. Macho yalipinduka, yakabaki meupe. Mikono ikakakamaa, kisha ikaanza kutikisika.

Majirani walijaa ndani. Kwenye nyumba ya mgonjwa hakuna anayemuuliza mwenzake katokea wapi. Karibu na mlango alikaa mama mmoja aliyejifunika kaniki, uso hauonekani.

"Nampeleka hospitali," Rukaiya akasema.

"Hilo degedege," yule wa kaniki akanong'ona. "Ukimchoma sindano, unamuua."

Basi, wote wakaidaka kauli hiyo. Mama mkwe, Bi Habiba, akaagiza kinyesi cha tembo, mtoto afukizwe. Mtikisiko ulipokoma wakashukuru, eti kapona. Rukaiya akamwita Saadi. Hakuitika. Akamfinya. Hakulia. Hasira zilimkaba Rukaiya: mtoto hamjui mama yake, watu wazima wanasema kapona.

Akambeba. Yule wa kaniki alikuwa keshakaa kizingitini.

"Msimpeleke."

Baridi ilimpanda Rukaiya miguuni, na jua lilikuwa bado kali. Akamruka. Hakugeuka nyuma. Akavuka mto kwa mtumbwi mpaka kituo cha afya.

Tabibu Twalibu alimtoboa mtoto kidole, akasoma kipimo, akaguna.

"Malaria imepanda kichwani. Degedege ndiyo hii, mama. Sindano ndiyo dawa yake." Alikuwa akitafuta mshipa huku analalama. "Mnawafukiza kutwa nzima, mnatuletea wako hoi, halafu wakifa mnasema sindano imeua. Nimechoka kusema."

Saadi alichomwa, akatundikiwa dripu ya sukari. Kesho yake alifungua macho, akaomba uji.

Rukaiya alirudi nyumbani na donge lake.

"Mama, yule rafiki yako wa kaniki asikanyage tena hapa."

Bi Habiba akamkodolea macho. "Rafiki yangu? Mie nilijua shangazi yako."

Wakauliza majirani. Kila mtu alidhani ni mgeni wa mwenzake. Kizingitini, pale alipokaa, mbao ilikuwa imechanwa. Alama tatu, ndefu, za kucha.

Wiki haikuisha, mtoto wa jirani yao Mwanamina akashikwa na homa, macho juu. Rukaiya alikuwa anafagia aliposikia mnong'ono kutoka nyumba ile.

"Msimpeleke."

Sauti ile ile. Akatupa ufagio, akakimbia, safari hii amkamate huyo mwanamke.

Wa kaniki hakuwepo. Kizingitini kwa Mwanamina alikuwa amekaa Bi Habiba, macho kafumba, anarudia neno hilo kwa sauti isiyo yake. Na vidole vyake vilikuwa vinakwangua mbao.